Malaika wa Maji ya Chumvi

Ukipanda kilima cha Muhungu, hapa Bukavu, hutakosa mtu wa kukuonyesha nyumba ya Maman Eulalie na kukunong'oneza kwamba humo ndani mnafugwa mamba muntu, yule kiumbe wa majini, nusu mwanamke nusu samaki, anayempa mtu utajiri kisha akadai roho za watoto wake. Watu wa mtaa ule wananishangaza. Utajiri gani? Maman Eulalie ana kibanda cha vitenge sokoni Nyawera, basi. Watoto wake wazima wote, wako Lubumbashi, na kila Jumapili wanapiga simu kumlalamikia maisha. Anachofuga ni samaki. Samaki mmoja wa baharini, urefu wa kiganja, ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kosa la samaki huyo ni kwamba ni mzuri na hakuna wa kumla.

Alimwona Dar es Salaam, anakokwenda kununua vitenge. Mvua ilimkimbizia ndani ya duka moja la Kariakoo, na mwenye duka, kijana aitwaye Idrissa, alikuwa akiuza samaki wa bahari kwa watu wa mahoteli. Eulalie alisimama mbele ya kioo kimoja hadi mvua ikakatika, ikaanza tena. Ndani alikuwamo samaki mweupe mwenye wekundu wa mbali, doa jeusi juu ya jicho, mkia umechongoka pande mbili. Idrissa alimwambia huyo ni samaki malaika, ila si kama malaika wengine. Wengi wao ukiwaweka pamoja na matumbawe wanayadonoadonoa mpaka yafe. Huyu hagusi. Anakula vijidudu vinavyoelea majini, na matumbawe anayapita kama mtu mwenye adabu anavyopita kando ya shamba la jirani.

Hapo ndipo Eulalie alipokamatwa. Katika mtaa anaoishi kila mtu humdonoa mwenzake, na yeye akaona atapenda kuwa na kiumbe mmoja nyumbani asiyedonoa. Akamnunua, pamoja na vipande vya matumbawe vya kupandwa. Samaki alisafiri kwa ndege hadi Kigali, kisha kwa basi hadi mpakani Rusizi, ndani ya mfuko wa maji uliojazwa hewa, katikati ya marobota ya vitenge. Mumewe, Papa Anaclet, mwalimu wa sekondari na mtu wa amani kupita kiasi, alimpokea mlangoni akashika kiuno, mkono mmoja ukielekeza ziwani.

"Lac nzima iko hapa chini, imejaa samaki, na weye unaenda kununua samaki Dar?"

"Za lac nakula," Eulalie alijibu. "Hii naangalia."

Akajifunza kazi yake. Chumvi ya bahari alikuwa akiileta kwa viroba kila safari, kwa sababu chumvi ya jikoni haifai. Akatandika sahani za umeme wa jua juu ya bati, maana umeme wa mji huu unakuja unapotaka, na pampu ikizima samaki anakosa pumzi. Akajua pia jambo moja ambalo lilimchekesha mwanzoni: maji ya tangi hupungua kila siku, lakini chumvi haiendi popote. Kwa hiyo anachoongeza kila asubuhi si maji ya chumvi, ni maji matamu, kidogo tu, mpaka pale alipochora mstari kwenye kioo kwa rangi yake nyekundu ya kucha. Ukipitisha mstari huo, unamuumiza samaki.

Mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Koko Sifa, yaani Bibi Sifa, ndiye aliyempenda samaki kuliko wote. Kabla miguu haijamkatalia kabisa, alikuwa akikaa mbele ya kioo mchana kutwa, rozari mkononi, akimsemesha samaki kama anayemkumbusha habari za zamani.

Na Koko Sifa alikuwa na habari za zamani. Alizaliwa Idjwi, kule kisiwani katikati ya ziwa. Mumewe alipokufa maji, hakungoja wakwe wamgawie samaki wa huruma. Alisukuma mtumbwi wa marehemu majini, akashika kasia, akaenda kuvua mwenyewe. Katika ufuko ule wanawake walikausha samaki na kuwauza. Kasia lilikuwa la wanaume. Wavu wake ulipojaa, wakasema amegeuka mwanaume. Wavu wa wengine ulipokuja mtupu, wakasema ni mchawi. Asubuhi moja akakuta mtumbwi umetobolewa. Hakubishana na mtu. Alimshika Eulalie mkono, akabeba sufuria, wakapanda bwato la abiria, wakavuka kuja Bukavu. Eulalie alikuwa mtoto mdogo, lakini mambo hayo yamemkaa kooni mpaka leo. Hakumkasirikia mama yake. Aliwakasirikia wao, na hajaacha.

Sasa, uvumi wa mamba muntu ulianzishwa na fundi wa umeme, Didier, aliyekuja kutazama betri. Mkono wake ukalowa maji ya tangi, akaulamba. Chumvi! Katika mji ambao maji yote, ya ziwani na ya mvua, ni matamu! Jioni ile alilisimulia jambo hilo kwenye baa, na kabla chupa hazijaisha maji yale yalikuwa yamekwisha kuwa machozi ya mamba muntu. Wengine wakaongeza taa ya buluu, ile ya kukuzia matumbawe, inayoonekana dirishani. Wengine wakaongeza kwamba vitenge vya Eulalie vinanunuliwa sana. Ni kweli vinanunuliwa, kwa sababu havichuji rangi.

Uvumi wa baa Eulalie asingeujali. Shida ilikuwa shirika. Shirika ni Wakatoliki wa mtaa mmoja, ambao kila wiki husali nyumbani kwa mwenzao, kwa zamu. Ndilo linalokuja ukizaa, linalokuja ukiugua, na ndilo linalokubeba ukifa. Asiye na shirika huzikwa kama mpita njia. Koko Sifa alikuwa amelala kitandani tangu miguu imkatalie, naye alikuwa na ombi moja tu: zamu ya binti yake ikifika, shirika liimbe akiwa bado anasikia.

Zamu ikakaribia, na akaja Maman Virginie, présidente, yaani mwenyekiti, wa shirika. Hakuwa adui. Yeye na Eulalie waliimba korasi pamoja wakiwa wasichana, na Virginie alikuwa amekaa mbele ya yule samaki mara nyingi akinywa chai. Siku hiyo hakutaka chai.

"Eulalie, dada yangu, nakuya na neno mubaya. Bakristo ba shirika banakataa kuingia mu nyumba yako. Juu ya ile kitu."

"Kitu gani?"

"Unajua. Ile ya mu maji."

"Ile ni samaki, Virginie. Weye mwenyewe uliisemaka muzuri, hapa hapa."

"Nilikuwa sijasikia bantu. Samaki gani inaishi mu chumvi, na taa ya bleu kama ya clinique? Utoe ile kitu kabla ya zamu yako, tutakuya kuombea Koko. Ukikataa, hatuingie."

"Basi wambie Eulalie amekataa."

"Usijibu na hasira. Fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Sitoe."

Virginie aliinuka bila kuaga, na Eulalie akabaki ameshika birika la chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Papa Anaclet aliposikia, alikuja na dawa ya watu wa amani. "Tuipeleke ku lac tu. Ni maji, itaogelea na benzake."

"Haiko na benzake kule. Maji ya lac itaiua weye haujamaliza kupanda mulima."

"Lakini Eulalie, ni samaki na mama yako. Unachagua nini?"

Neno hilo lilimchoma. Aliingia chumbani kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia yote bila kupunguza. Aliuliza moja kwa moja: amtoe samaki?

Koko Sifa alipapasa rozari.

"Idjwi nilitoka," alisema. "Nilifikiri nikitoka itaisha. Hapa Bukavu nayo bakaniita muchawi wa Idjwi, mupaka niliposahau kuhesabu. Ile maneno ilipanda mu bwato pamoja na mimi. Weye fanya vile unaona. Lakini ukiitoa, usiseme ni juu yangu."

Eulalie alitoka mle chumbani akiwa ameamua samaki hatoki. Ila samaki naye alikuwa na mambo yake.

Asubuhi moja alipofungua kifuniko ili kumlisha, aliona mistari. Ubavuni, palipokuwa peupe, kulikuwa na kivuli cha milia, hafifu kama nguo iliyoanza kushika uchafu. Akadhani ni ugonjwa. Siku zilizofuata milia ikakolea, na doa la juu ya jicho likaanza kufifia. Akampiga picha, akamtumia Idrissa, kisha akampigia simu.

"Mama, hongera!" Idrissa alicheka kule Dar. "Huyo anageuka dume. Ndivyo walivyo aina hiyo. Jike akikaa bila dume, mwenyewe anashika nafasi."

"Juu ya nini hukunieleza?"

"Ningekueleza, ungenunua?"

"Ningenunua mbili!"

Alipokata simu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikamwisha ghafla. Alielewa vizuri mtaa wake utasema nini. Samaki wa kike anayegeuka wa kiume ndani ya maji ya chumvi, chini ya taa ya buluu, na zamu ya shirika ni wiki hiyo.

Papa Anaclet alipoiona milia ile alijishika kichwa. "Funika na kitenge! Tuseme ilikufa."

"Vitenge vyangu ni vya kuuza."

"Eulalie!"

"Nimesema siifuniki. Nikiifunika, njo batasema niko na kitu ya kuficha."

Siku ya zamu, mchana, alifungua mapazia yote. Akaazima viti vya plastiki, akavipanga, na kwa ukaidi wake akavigeuza vyote vitazame tangi. Akawasha ile taa ya buluu ijapokuwa jua lilikuwa linawaka. Yeye na Anaclet walimbeba Koko Sifa kutoka kitandani, wakamweka kwenye kiti cha mkono, mto nyuma, rozari mapajani. Eulalie akavaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akakaa, akangoja.

Saa ya sala ikafika, ikapita. Viti vikabaki vitupu. Koko Sifa akamaliza rozari, akaianza upya.

Halafu wakasikia miguu. Shirika lilikuwa limekuja, lakini lilisimama uani, limejazana kwenye dirisha na mlango, hakuna aliyevuka kizingiti. Walioingia ni wawili: Maman Virginie, na katekista, Papa Polycarpe, mtu mnene mwenye aibu, amebeba bidoni, dumu la njano lililojaa maji mpaka shingoni.

"Ni maji ya baraka," Virginie alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Tutamwaga yote mule. Kama ni pepo, itatoroka ao itakufa. Kama ni samaki tu, maji ya Mungu haitaifanya kitu."

Eulalie aliruka akasimama mbele ya kioo, mikono imetanuka.

Hebu fikiri balaa lile. Bidoni nzima ya maji matamu, kwa mkupuo, ndani ya tangi la maji ya bahari. Matumbawe yangekufa, na samaki angepinduka tumbo juu, awe na pepo asiwe nalo, na wao wangerudi majumbani wakisema tumeona kwa macho yetu. Na akiwakatalia? Tayari kule dirishani sauti ya mwanamke ilikuwa inasema, "Munaona! Anaogopa maji ya baraka!" Akikubali ni mchawi, akikataa ni mchawi. Mama yake alipewa hukumu ya namna hiyohiyo.

Aligeuka kumtazama samaki, na jicho lake likaangukia ule mstari mwekundu. Maji yalikuwa chini yake. Tangu jana alikuwa akihangaika na mama, na viti, na hasira zake, akasahau kuongeza.

Akashusha mikono. Akaenda kabatini, akarudi na kikombe.

"Kila siku naongeza maji matamu mu ile tangi," alisema, naye akapaza sauti ili uani wasikie. "Leo bado. Leo nitaongeza yenu. Mupaka hapa ku mustari, haipite. Na mi mwenyewe njo nitamwaga."

"Kikombe tu?" Polycarpe aliuliza. "Tulileta bidon muzima."

"Papa Polycarpe, batoto unababatizaka na bidon muzima?"

Uani mtu alipasuka kicheko, akajifunika mdomo. Polycarpe alimtazama Virginie, akaitazama bidoni, kisha akaiinamisha, akajaza kikombe.

Eulalie alifungua kifuniko, akamwaga taratibu, kidogo kidogo, kwenye kona ya pampu. Akajaza tena. Maji yalipanda, yakafika mstari, akaacha. Na samaki, ambaye kwake kifuniko kikifunguliwa maana yake ni chakula, alipanda juu mbiombio, akatoa mdomo majini, akaufungua, akaufunga, akaufungua. Eulalie akachukua chembechembe za chakula, akamnyunyizia. Akala.

"Inakula," Polycarpe alisema, na uso wake ukajaa furaha ya mtoto. "Inakula na maji ya baraka juu!" Akajifanyia ishara ya msalaba. Watu wawili watatu wakavuka kizingiti.

"Mungoje," Virginie alisema. Alikuwa ameinama karibu na kioo. "Mi naijua ile samaki. Haikuwa na milia."

Waliovuka kizingiti wakasimama. Papa Anaclet, maskini, akakimbilia amani yake: "Ile ingine ilikufa. Hii ni mupya."

Uongo huo ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Eulalie angeweza kupita hapo, na zamu ingeendelea, na mama yake angeimbiwa. Alimtazama mume wake, akamwonea huruma, lakini hakupita.

"Anaclet anaogopa," alisema. "Ni ile ile. Ilikuwa dike, sasa inageuka dume. Haina mume, inajishikia nafasi. Mungu aliiumba vile. Kama iko mubaya, mumuulize Yeye."

Makelele! Waliokuwa wameingia wakarudi nyuma, mmoja akaangusha kiti. Virginie akashika bidoni kama ngao. Eulalie hakungoja wanyamaze. Aliwafokea juu ya kelele zao.

"Munisikie! Mama yangu hapa bwana yake alikufa, akashika kasia juu ya mimi nikule. Bakamuita mwanaume, bakamuita muchawi, bakatoboa bwato yake, akatoka. Alitoka bila kusema kitu. Mimi sitoke! Samaki haitoke! Hamukukuya kuombea mama, mulikuya kupima samaki. Mumeipima, imekula. Sasa mama iko hapa, na viti njo hivi. Mwenye anataka kukaa akae. Mwenye hataki, mulango anaujua."

Ndipo Koko Sifa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubishana na umati, alianzisha wimbo. Sauti ilikuwa imekatikakatika, pumzi haimtoshi, lakini alikuwa akimtazama samaki na akiimba. Alipoishiwa pumzi katikati, Papa Polycarpe akaupokea wimbo, akavuta kiti, akakaa kwa kishindo. Fundi Didier, ambaye ulimi wake ndio ulioleta yote haya, akaingia ameinamisha kichwa, akakaa nyuma kabisa. Wakafuata wengine. Si wote. Karibu nusu waliondoka, na viti vyao vikabaki vinamtazama samaki. Virginie alitoka amebeba bidoni, nzito karibu kama ilivyokuja. Eulalie alimwona akiondoka, akaendelea kuimba kwa sauti kubwa zaidi, machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Koko Sifa alikufa mvua zilipoanza. Alibebwa na shirika, wale waliokaa na hata baadhi ya wale waliokimbia, na nyumba ya Eulalie ikajaa watu wa matanga mpaka uani. Maman Virginie naye alikuja. Alikaa mahali palipobaki, mbele ya tangi, kanga kichwani, macho chini.

Kwenye matanga hapa kwetu, chochote chenye sauti huzimwa. Redio huzimwa, televisheni huzimwa, ndiyo heshima ya marehemu. Mama mmoja wa Nyantende, mgeni wa nyumba ile, alisikia kitu kinavuma pembeni, akaona waya, akanyoosha mkono aung'oe ukutani. Eulalie alikuwa ng'ambo ya sebule, amekaa chini kwenye mkeka kati ya wafiwa. Alifungua mdomo, lakini asingewahi.

"Acha!"

Ni Virginie. Alikuwa amemkamata yule mama kifundo cha mkono.

"Ile haiko radio," alisema. "Inapumulisha samaki. Ukizima, inakufa."

Watu wote wakageuka. Virginie akaachia mkono, akatafuta pa kuficha uso, hakupata. Nyuma yake samaki alikuwa akizunguka, milia myeusi imemjaa ubavu mzima, dume kamili, hajadonoa tumbawe hata moja.

Eulalie aliinuka kutoka kwenye mkeka. Akapita katikati ya wafiwa, akafungua kabati, akatoa kikombe, akakijaza maji matamu. Maji ya tangi yalikuwa chini ya mstari. Siku za msiba hakuna aliyekumbuka. Akafungua kifuniko, akamnyooshea Virginie kikombe mbele ya watu wote.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Shika. Mupaka ku mustari, usipitishe."

Virginie akakipokea kwa mikono miwili, akaanza kumwaga polepole, macho kwenye ule mstari mwekundu.